Somo la Utovu wa Adabu

Saa tatu asubuhi, Jumatatu ya katikati ya Oktoba, Raushan Bekturova anapanga vitu mezani mbele ya wafanyakazi themanini wa chuo cha ualimu cha Karaozek, kaskazini mwa Kazakhstan: sepetu, mshumaa, kopo tupu la kahawa, buti za sufu na mfuko wa kurt, zile jibini kavu za chumvi. Nje jua linawaka. Theluji bado haijaanguka, na nusu ya ukumbi inasinzia.

"Hivi vya kumwokoa mtu aliyekwama garini kwenye theluji mnavijua tangu mkinyonya," anasema. "Leo sifundishi hivi. Nazym, njoo."

Nazym, mkutubi wa miaka 24, anasogea mbele. Raushan anamwita pia Profesa Orazaly, mwalimu wa historia mwenye miaka 68, na kumsimamisha karibu na mlango. Tuseme buran imetangazwa, ile dhoruba ya theluji ambayo mtu haoni hata mkono wake. Profesa anataka kwenda kwake kijijini. Kazi ya Nazym ni moja tu, amzuie.

"Samahani mzee," Nazym anaanza, macho sakafuni, "kama sitakuudhi, labda ungesubiri kidogo..."

"Keshaondoka!" Raushan anapaza sauti. "Uliposema samahani tu, akawasha gari. Tena!"

Ukumbi unaangua kicheko. Profesa naye ananogewa. "We binti, maziwa hayajakukauka mdomoni, unifundishe mimi baridi?" Nazym anajifunika uso. Mara ya tatu anafaulu kusema "Huendi," lakini kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Raushan hacheki. Ana miaka 60, na huu ni mwaka wa kumi na tisa akisimamia majengo ya chuo. Kazi alifundishwa na seremala wa hapo, Mzee Tolegen, aliyemwonyesha bomba lipi huganda kwanza na dirisha lipi lizibwe mapema. Raushan hakuwahi kumbishia mzee neno, na hakuna aliyetarajia ambishie.

Januari, miaka sita iliyopita, simu ya tahadhari ilimfikia saa saba mchana. Aliwapitia wafanyakazi wote kuwaambia walale chuoni. Mzee Tolegen, aliyekuwa na miaka 70, alicheka.

"Akaniambia, 'Binti, mimi nimezaliwa kwenye buran. Mke wangu ananisubiri na supu,'" Raushan anakumbuka. "Nilijua anakosea. Haki ya Mungu nilijua. Mdomo ukawa mzito. Akanyoosha mkono kwenye koti lake, na mimi, kwa mazoea, nikamshikia avae."

Anakunja leso, anaikunjua, anaikunja tena.

"Nilimvalisha kwa mikono yangu."

Kijiji cha Mzee Tolegen kiko umbali wa kilomita 22. Gari lilipatikana siku ya pili. Mzee mwenyewe alikuwa hatua sitini mbele yake, koti limefungwa vifungo vyote.

Hakuna aliyemlaumu Raushan, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Mazishini watu walimsifu kwa jinsi alivyokuwa akimheshimu marehemu. Ni mjane tu, Bibi Kulyash, aliyemvuta pembeni siku ya arobaini.

"Ungemfokea," alimwambia. "Ungemficha ufunguo, ungemtukana hata. Angenuna mwaka mzima, sawa. Ningemmiminia chai akiwa amenuna."

"Maneno yale ninalala nayo," anasema Raushan.

Ndipo alipoanzisha somo hili, na kabla ya leo amelitoa mara tano. Msimu wa baridi uliopita buran ilitangazwa mara saba, na kila mara kuna mzee aliyevaa koti akaondoka huku vijana wakimtazama. Wote walifika salama. "Bahati tu," anasema. "Na bahati hiyo ndiyo inayoniharibia somo."

Somo linakwisha, watu wanainuka. Profesa Orazaly anaelekea zilikotundikwa nguo, na Nazym, bila kufikiri, anamtangulia, analichukua koti lake na kumshikia avae. Kisha anaona jinsi Raushan anavyomtazama. Mikono inabaki hewani na koti.

"Leo kuna jua, mama," ananong'ona.

"Hata siku ile asubuhi lilikuwepo."

Kila mwaka theluji ikiyeyuka, Raushan huenda kijijini kwa Bibi Kulyash na maandazi ya kukaanga. Mjane humkaribisha vizuri, humkalisha, na kabla chai haijamiminwa humuuliza swali lile lile: mwaka huu amemzuia nani?

Mara tano amejibu kwamba bado hajamzuia mtu. Mwakani anastaafu, kwa hiyo amebakiwa na msimu mmoja wa baridi.

"Nataka nimpelekee jina moja tu," anasema, akirudisha mshumaa ndani ya kopo. "La mtu aliye hai, aliyeninunia."