Babu Mishale, Mshauri wa Nyumba ya Siri

Siku benki ilipomuaga mzee kwa keki, saa ya ukutani na hotuba ndefu, mkewe alimwekea kiti kizuri barazani akamwambia, "Mume wangu, umefanya kazi vya kutosha. Sasa kaa."

Mzee akakaa. Alikaa jioni ile, akakaa na kesho yake mpaka jua lilipoanza kuchoma. Kisha akainuka akaingia jikoni, na huko ndiko balaa lilikoanzia.

Mtu aliyekuwa meneja wa benki karibu maisha yake yote hawezi kuona jiko la mtu mwingine akanyamaza. Alinunua makopo, yote ya sura moja, akayabandika majina na kuyapanga kwa kufuata alfabeti. Chai ikafuatwa na chumvi, na sukari ikahamishiwa mwisho wa rafu, jirani na unga. Lakini mkono wa mwanamke aliyezoea jiko lake hauhitaji macho. Alipokuja mkwe wao, mama wa mke wa mtoto wao wa kwanza, mkono wa mama mwenye nyumba ulikwenda pale sukari ilipokaa miaka yote, ukachota vijiko viwili vizito. Mkwe, kwa adabu zake, aliinywa ile chai mpaka akaona kitako cha kikombe.

"Mama mkwe," alisema huku akijifuta midomo, "chai yako ina nguvu."

Aliyemaliza sufuria lote la maji ya kunywa baadaye ni yeye huyo huyo. Mke wa mzee alipolamba kikombe akakuta chumvi, hakupiga kelele. Alivaa viatu akatoka, akaenda kumtafuta rafiki yake mmoja aliyeitwa Nesi.

Nesi alikuwa nesi kweli zamani, mpaka alipochoka kuwafunga bandeji wanawake wale wale, mwezi baada ya mwezi, na kuwasikia wakisema wameanguka bafuni. Aliacha kazi akaanzisha shirika dogo. Lilikuwa na nyumba moja ya kukodi, yenye geti la bati na vyumba vinne, ambamo waliishi wanawake waliokimbia vipigo, na wengine waliokuwa wamesafirishwa kwa hila, wakaahidiwa kazi nzuri ng'ambo, wakaishia kufungiwa majumbani mwa watu bila mshahara wala pasipoti. Shida yake kubwa ilikuwa moja: mkono mtupu haulambwi, na wafadhili hawakuwa wakijibu barua zake.

"Nina mtu wa kukusaidia," mke wa mzee alimwambia. "Anajua hesabu, anajua kuandika, na hatataka mshahara."

"Ana kasoro gani?" aliuliza Nesi, ambaye hakuzaliwa jana.

"Utaijua mwenyewe. Mchukue tu, ndugu yangu, nakuomba. Atanimaliza."

Hivyo ndivyo mzee alivyokuwa mshauri wa kujitolea. Siku ya kwanza alifika kwa suti na tai, akiwa na kalamu za rangi na karatasi kubwa aliyoibandika ukutani sebuleni. Wakazi wa nyumba wakaja kuketi, wengine wakiwa bado wanachambua mchele mapajani.

"Tuanze na mwanzo," alisema. "Wateja wetu ni akina nani?"

Wanawake wakatazamana. "Labda ni sisi," alisema mmoja.

"Vizuri sana! Na washindani wetu je?"

Nesi alikohoa. "Washindani wetu, mzee wangu, ni wanaume wanaopiga wake zao na madalali wanaouza binti za watu."

Mzee aliandika hivyo hivyo, ndani ya kisanduku chekundu. Akachora kisanduku kingine, na kingine, akaviunganisha kwa mishale. Mshale ulitoka kwa wafadhili ukaenda kwa shirika, ukatoka shirika ukaenda jikoni, ukapanda, ukashuka, mwingine ukapinda ukarudi ulikotoka. Kufikia mchana karatasi ilikuwa kama nungunungu. Tangu siku ile hakuna aliyemwita jina jingine pale ila Babu Mishale.

Lile jina alipewa na Kiranja. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya kusimamisha gwaride, aliyepanga zamu za kufagia na kupika, ndiyo maana wakamwita hivyo. Alikuwa ameuzwa na rafiki wa shangazi yake, mtu aliyekula naye sahani moja. Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa na kesi mahakamani dhidi ya mtu yule, na kesi ilikuwa haisogei kwa kukosa wakili.

Kazi ya kuandika andiko la kuomba ruzuku ikaanza. Babu Mishale aliandika kama alivyozoea. "Katika mwaka wa kwanza," alisoma kwa sauti, "tunatarajia idadi ya wanawake walionyanyaswa iongezeke maradufu."

"Mungu apishe mbali!" Nesi aliruka kitini. "Iongezeke tena?"

"Kila biashara lazima ikue, mama."

"Mimi naomba ipungue, mzee wangu. Siku nitakayokosa mtu wa kulala humu ndani nitapiga vigelegele, nifunge geti, nikalime."

Babu Mishale alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Hakuwahi kukutana na meneja anayeomba tawi lake lifungwe. Lakini hakuwa mtu mjinga, ila alikuwa na haraka. Alilikata lile neno, na jioni alipofika nyumbani alimwambia mkewe, "Pale kuna jambo najifunza." Mkewe alishukuru, akamwomba aendelee kujifunza hata Jumamosi.

Kisha akafanya kosa lake kubwa.

Alikuwa ameambiwa siku ya kwanza asimweleze mtu yeyote nyumba iko wapi. Yeye alidhani ni unyenyekevu, kwamba Nesi hataki sifa. Akaona hapana, kizuri kinajiuza lakini sharti kionekane. Akaenda kwa fundi wa mabango, akatoa pesa yake mwenyewe, na asubuhi moja pikapu ikasimama getini, na mgongoni mwake bango la bluu na njano refu kuliko geti lenyewe. Liliandikwa: KIMBILIO LA WANAWAKE WALIOTOROKA. KARIBUNI WOTE. Na chini yake, kwa kuwa mtu hafichi kipaji chake, kulikuwa na mshale mnene unaoelekeza mlangoni.

Nesi alitoka akiwa na mswaki mdomoni. Alitazama bango, akatazama huku na huku barabarani, akatema povu.

"Lishushe! Lifunike! Lilaze chini, mzee, kabla sijafa!"

"Hupendi rangi?"

Kiranja ndiye aliyetoka na shuka, akalitupia bango kama mtu anayefunika maiti. Walipoliingiza ndani, alimkalisha babu sebuleni akamweleza taratibu, bila hasira. Yule dalali wake alikuwa bado yuko nje kwa dhamana. Alikuwa akipita sokoni akiuliza habari zake, akijifanya ni mjomba wake. Mume wa mwenzake wa chumba cha pili alikuwa ameapa kumtafuta mkewe mpaka ampate.

"Sisi hatujifichi kwa aibu, Babu," alisema. "Tunajificha tuishi."

 Mzee alikaa na mikono yake magotini, akaionea haya ile tai yake. Tangu asubuhi ile hakuvaa tai tena, na bango likageuzwa uso chini likawa meza ya kupigia pasi.

Lakini mtu wa kupindukia hupindukia kote kote. Sasa Babu Mishale akawa mlinzi wa siri kuliko wenye siri. Alikataa kumwambia hata mkewe yuko mtaa gani. Alipopigiwa simu akiwa kule, alinong'ona. Muuza mkaa alipouliza, "Kwani hapa wanaishi nani?" alijibu, "Hapa hapaishi mtu," na huku nyuma yake wanawake saba walikuwa wakicheka.

Ndipo barua ya mfuko mmoja wa ufadhili ikaja. Andiko lilikuwa limewapendeza, na walitaka kumtuma afisa miradi aje kuona. Babu Mishale alijitolea kwenda kuwapokea wageni hotelini kwa gari lake. Walikuwa wawili: afisa mwenyewe, mama mmoja mpole mwenye daftari, na kijana mpiga picha aliyebeba mifuko ya kamera mbele na nyuma kama mama wa mapacha.

"Kwa ajili ya usalama," mzee aliwaambia kwa sauti nzito, "hatutapita njia ya moja kwa moja."

Akaingia uchochoroni, akatokea nyuma ya gereji, akakata kulia, akakata kulia tena. Mpango wake ulikuwa kuzunguka kidogo. Lakini vichochoro havina huruma, na baada ya muda mwenyewe akawa hajui mbele wala nyuma. Walipita kwenye kibanda cha kinyozi. Wakapita tena. Mara ya tatu kinyozi aliwapungia mashine, na mteja wake mwenye povu kichwani akawapungia pia.

"Huyu kinyozi ni mtu wenu?" afisa aliuliza kwa kunong'ona.

Mzee alikaza macho barabarani. "Siwezi kusema, mama."

Afisa aliandika kitu daftarini, akaonekana kuridhika. Mwishowe Mungu alimwonyesha mzee geti la bati, naye akapiga honi kwa furaha ambayo hakuweza kuieleza.

Ndani, mambo yalikwenda vizuri. Nesi alieleza kazi yao, wageni wakaonyeshwa vyumba, wakanywa chai. Kisha mpiga picha akasimamisha kamera yake mbele ya Kiranja.

"Dada, tungependa utusimulie mwenyewe. Ulivyofungiwa, ulivyopigwa. Usiharakishe. Ukifika pale pa kulia, sitazima, we lia tu."

 Nesi aliuma mdomo. Kodi ya nyumba ilikuwa inakaribia, na mgeni mwenye ruzuku hafukuzwi. 

Babu Mishale akasimama.

"Kijana," alisema, "mimi nimekaa benki tangu hujazaliwa. Watu walikuja kukopa. Niliwauliza watafanyia nini pesa, na watarudisha vipi. Sijawahi kumwambia mteja apande juu ya kaunta awasimulie walio kwenye foleni jinsi alivyofilisika, tena alie, halafu nimpige picha! Huyu ana mtu anayemtafuta. Sura yake ikitoka humu, nani atakuja kulala hapa getini kulinda? Wewe na mifuko yako?"

 Angeendelea, ila Kiranja alimkatiza.

"Babu, kaa chini. Hukuulizwa wewe."

Babu akakaa.

"Mimi nikitaka kusimulia, nitasimulia," Kiranja alimwambia afisa. "Kwa hakimu nitasimulia yote, hata ya aibu. Leo sitaki. Leo nataka kukwambia tunachohitaji. Tunahitaji wakili. Tunahitaji kodi ya miezi ya mwanzo kwa mtu anayetoka hapa kwenda kujitegemea, maana wengi hurudi kule kule kwenye kipigo kwa kukosa pa kulala. Na mlango wa bafu haufungi. Watu waliofungiwa na watu, mama, wanapenda mlango wanaoufunga wenyewe."

Afisa aliandika mpaka kalamu ikamwishia wino. Akamwambia kijana afungashe kamera. Kijana, masikini, alikuwa ametumwa picha na asingeweza kurudi mikono mitupu. Akaomba apige walau moja. Pale ndani palikuwa na sura moja tu isiyokuwa siri kwa mtu, basi wakamsimamisha Babu Mishale mbele ya karatasi yake ya mishale. Jua la dirishani likampiga machoni, akakunja uso, machozi yakamtoka.

Siku zilipita. Nyumbani mzee hakula vizuri, akiamini kwamba ulimi wake umewakosesha wenzake riziki. Kisha ruzuku ikatoka: wakili, kodi za kuanzia maisha, mlango wa bafu na ukarabati wa paa. Chini ya barua afisa aliongeza kwa mkono wake kwamba hajawahi kuona shirika dogo lenye taratibu za usalama kali kiasi kile, na kinyozi apewe salamu zake.

Lakini baadaye likatoka jarida la mfuko, na ukurasa mzima ulikuwa na picha ya Babu Mishale akilia. Chini yake waliandika: "Mmoja wa walionusurika, akielezea safari yake."

Simu ikaanza kulia asubuhi. Alikuwa mwenzake wa zamani wa benki. "Pole sana, ndugu yangu. Miaka yote hiyo hukutuambia."

"Nini?"

"Kwamba shemeji anakupiga."

Kabla hajajibu, ikaingia simu ya pili. Ya tatu ilikuwa ya mkwe wao, aliyetaka kuongea na mama mwenye nyumba mwenyewe. "Mama mkwe," alisema kwa upole, "nakujua una mkono mzito tangu ile chai. Lakini mzee wa watu, msamehe."

Mkewe aliweka simu chini. Mzee alijiandaa kwa lolote. Mama alilitwaa jarida, akaitazama ile picha, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni, na mzee, aliyekuwa bado amekasirika, akajikuta amekaa naye.

Wakili alifanya kazi yake. Kiranja alisimama mbele ya hakimu akasema yote, na dalali akafungwa. Mwezi uliofuata alipata chumba ghorofani, akaanza kazi ya upishi katika shule. Babu Mishale alikwenda kumsaidia kuhama, na kabla ya kupakua chochote alisoma mkataba wa kodi mara mbili, akafungua mabomba yote, akamgombeza mwenye nyumba kuhusu moja linalovuja.

"Huyu ni baba yako?" mwenye nyumba alimuuliza Kiranja pembeni.

"Ni mshauri wangu."

"Anakutoza ghali?"

"Ni wa bure," alisema Kiranja, "lakini anachosha."

Kisha wakaanza kupandisha godoro. Ngazi ilikuwa nyembamba, na kwenye kona godoro likakwama, Kiranja juu, mzee chini, hakuna anayemwona mwenzake.

"Babu, lisukume kulia!"

"Kulia kwangu au kwako?"

"Kulia kwa watu wote!"

"Ngoja," ilisikika sauti ya mzee nyuma ya sponji, "ngoja kwanza nichore."