Jirani wa Kuitwa Mbele

Juliana Kalinga anafuma masweta ya shule. Mashine yake iko chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, Soweto, Mbeya, na baridi ya Juni ndiyo humlisha, maana wazazi wengi hukumbuka sweta siku mtoto anapoanza kukohoa. Alizaliwa Ilula, upande wa Iringa, katika nyumba ya Walutheri waliolima nyanya na vitunguu. Aliolewa Mbeya na Alinanuswe, dereva wa lori la mizigo ya Zambia, mtu mpole ambaye hulala barabarani zaidi kuliko kitandani kwake. Binti yao, Pendo, yuko chuoni Iringa. Kwa muda mrefu, basi, wale ambao Juliana aliongea nao kila siku walikuwa wawili: Mwamvita, mwenye nyumba, na Mungu.

Kisha vyumba vya upande wa pili wa ua vilipata wapangaji. Mume aliitwa Isaka, mfanyabiashara wa mchele aliyeshinda Madibira wakati wa mavuno ya mpunga. Mke aliitwa Naume. Walikuwa na binti mdogo, Hadasa. Walitoka Uganda, na Kiswahili cha Naume kilikuwa cha sokoni, cha haraka, kisichojali sana ngeli.

Mwamvita ndiye aliyewachunguza kwanza. "Hawali kitimoto, na mume anachinja kuku mwenyewe," alimwambia Juliana bombani. "Hao ni wetu."

"Ni Wasabato hao," Juliana alisema. "Jumamosi hata sufuria hawainjiki."

Waliendelea hivyo mpaka Naume akawakuta na kuweka ndoo chini. "Sisi ni Wayahudi," alisema.

"Wayahudi wa wapi?" Mwamvita aliuliza.

"Wa Mbale."

Mwamvita alimtazama Juliana, Juliana akatazama ndoo. "Haya," Mwamvita alisema mwishowe, "kodi ni ile ile."

Urafiki ulianza kwa sababu ya baridi. Ijumaa kabla jua halijazama Naume aliwasha mishumaa miwili, na tangu hapo hakuwasha moto mpaka nyota zionekane Jumamosi. Soweto mwezi wa Juni, mchana mzima bila jiko, ni adhabu. Juliana aliwasha jiko lake la mkaa akaliweka kwenye baraza lililounganisha vyumba vyao.

"Mimi siwezi kukuomba moto siku ya leo, Mama Pendo," Naume alisema akiwa mlangoni.

"Umeniomba? Mimi nasikia baridi yangu. Kama na wewe unakaa barazani kwako, nitakufukuza?"

Naume alikaa. Hadasa akakaa katikati yao. Jumamosi iliyofuata walikaa tena, na nyingine, na mazungumzo ya barazani yakafika mahali ambapo Juliana alitaka yafike tangu mwanzo. Alimweleza Naume habari za Yesu jinsi alivyozijua yeye: jinsi yeye mwenyewe alivyomwita Yesu mwaka ule mimba ya pili ilipoharibika naye alikuwa peke yake, mume yuko Lusaka, na jinsi alivyosikia kwamba chumbani kuna mtu. Hakumweleza kama mhubiri. Alieleza akihesabu uzi, polepole, kama mtu anayemtajia rafiki dawa iliyomponya.

Naume hakumkatiza. Alipojibu, alijibu kwa hadithi ya kwao.

"Babu wa babu yangu alipewa Biblia hiyo hiyo na wamisionari. Akasoma vitabu vya Musa, akafika mwisho, akasema, mimi pangu ni hapa. Nyie mliendelea na safari, sisi tulishuka."

"Mlishuka kabla ya kufika."

"Au nyie mlipitiliza kituo. Nani amewahi kupitiliza kituo akajijua?"

Walicheka. Juliana alirudi ndani akamwombea, na kesho yake akamwombea tena.

Kosa, kama ni kosa, alilifanya kwenye jumuiya. Kila Alhamisi majirani wa usharika wake husali nyumbani kwa mmoja wao, na kabla ya kufunga kila mtu hutaja ombi. Juliana, aliyekuwa mwenyekiti, alisema: "Tumwombee jirani yangu Naume, amjue Bwana. Ni Myahudi."

Mwinjilisti Sosthenes aliinua kichwa kabla ya amina.

Sosthenes si mtu mbaya, na hili lazima lieleweke ili mengine yaeleweke. Ni wa Kilolo, Iringa, mtu wa kwao Juliana, na siku zote alimsalimia kwa Kihehe, "Kamwene, dada." Lori la Alinanuswe lilipopinduka mlima wa Kitonga, Sosthenes ndiye aliyekaa hospitalini Iringa mpaka Juliana akafika, na alikuwa amemvua mgonjwa viatu na kumwosha miguu. Juliana hakuwahi kumnyima kitu tangu siku hiyo. Na sasa Juliana alikuwa na jambo la kumwomba: Hadasa alihitaji nafasi katika chekechea ya usharika, iliyo jirani, na ilikuwa imejaa.

"Nafasi itapatikana," Sosthenes alisema. "Tusubiri sikukuu ya mavuno ipite."

Juliana alimpelekea Naume habari hiyo kwa furaha. Akamkaribisha pia aje mnadani siku ya mavuno, sadaka za mazao zinaponadiwa, kwa sababu mnada ule ni wa kila mtu. Hata Mwamvita huja kununua maharage, amejifunga ushungi wake, na hupandisha bei kuliko washarika.

Jumapili iliyotangulia mavuno, baada ya matangazo ya ndoa, Sosthenes alisimama. Alisema kwamba mwaka huu, pamoja na mahindi na ndizi, Bwana ameleta mavuno mengine, wana wa Ibrahimu wenyewe, na kwamba mkuu wa jimbo la kanisa atakuwepo kuwapokea. "Mama Pendo, simama wakuone."

Juliana alisimama. Vigelegele vilipigwa, na akina mama wa kwaya wakamgeukia wakitabasamu. Yeye pia alitabasamu, kwa kuwa uso haukujua kufanya kitu kingine.

Alimngoja Sosthenes nje, karibu na kengele. "Mwinjilisti, Naume hajasema anaokoka. Nimemkaribisha mnadani tu."

"Hiyo inatosha, dada. Wewe mlete. Sisi tutamnunulia jogoo."

Hapo alielewa. Katika mnada wa mavuno, mtu anaweza kununua kitu na kumzawadia mwenzake. Anayezawadiwa haruhusiwi kukataa. Huitwa jina, kwaya humfuata kwa ngoma mpaka alipo na kumleta mbele akichezeshwa, kisha hukabidhiwa zawadi na kuombewa. Wameletwa hivyo wachungaji, wajane, na wapenzi wa pombe ambao wake zao waliomba waletwe. Ukishafika mbele, mikono ikawekwa kichwani, watu hawaulizi ulikuja na nia gani.

"Na akikataa kucheza?"

"Mama Pendo, nani anakataa ngoma?" Sosthenes alishusha sauti. "Halafu yule mtoto. Mtoto wa msharika hakosi nafasi ya chekechea. Unaona Mungu anavyopanga."

Wiki hiyo Juliana alifuma sweta lenye shingo isiyopita kichwa cha mtoto yeyote, akalifumua, akalifuma vile vile tena. Alimpigia Alinanuswe, aliyekuwa Tunduma.

"Mwambie," Alinanuswe alisema.

"Nikimwambia hatakuja. Mwinjilisti ataaibika mbele ya mkuu wa jimbo. Miguu yako ameiosha yule."

"Basi usimwambie."

"Nisipomwambia nitakuwa nimemtega rafiki yangu. Na ni kweli nataka aokoke, Baba Pendo. Hilo ndilo linanichoma. Nikisema sitaki, nitakuwa naongopa."

Honi za malori zilisikika nyuma ya Alinanuswe. "Mimi niko kwenye foleni ya mpaka hapa," alisema. "Mbele lori, nyuma lori. Nikushauri nini?"

Jumamosi alikwenda barazani akiwa ameamua kusema. Lakini Naume alikuwa na maneno yake tayari, na yalikuwa ya shukrani.

"Hii habari ya chekechea imenikumbusha kaka yangu," alisema. "Kwetu zamani shule nzuri zilikuwa za misheni. Wakamwambia baba, mtoto ana akili, tatizo hana jina la ubatizo. Baba akakaa siku nyingi hasemi. Kisha akampeleka. Kaka akabatizwa, akasoma, leo ni daktari. Lakini nyumbani kwa baba hakuweza kukaa mezani tena Ijumaa bila kulia. Hakuna aliyemfukuza. Alishindwa mwenyewe." Akamvuta Hadasa karibu. "Mama alikuwa akisema, anayekuita wakati umeshiba, huyo anakupenda. Anayekuita wakati una shida, muulize anataka nini. Wewe umenipa nafasi ya mtoto hujauliza kitu. Kwa hiyo kesho naja mnadani. Nina kuku wa kutoa, Isaka ameniachia."

Juliana alifungua mdomo. Kilichotoka ni, "Karibu sana."

Hata usingizi ulipokuja haukumsaidia. Jumapili asubuhi alivaa kitenge chake cha sare ya akina mama na kutoka uani. Naume alikuwa tayari getini: gauni la bluu, kitambaa kichwani, kuku mwenye miguu iliyofungwa kwa kamba ya katani mkononi. Hadasa alikuwa amepakwa mafuta mpaka anang'aa.

"Tuwahi," Naume alisema.

Juliana alishika geti badala ya kulifungua. "Mama Hadasa, usije."

Naume alimhamishia kuku mkono wa pili.

"Watakuita mbele. Watakununulia jogoo, kwaya itakuja kukuchukua, na mkuu wa jimbo atakuombea kama mtu aliyeokoka. Wametangaza. Nimesimamishwa kanisani, wakapiga vigelegele, na mimi sikusema hapana. Na ile nafasi ya chekechea imefungamanishwa na hayo hayo. Nilijua tangu Jumapili iliyopita. Jana pia nilijua."

Naume alimweka kuku chini. "Kuna mama alinipongeza sokoni Alhamisi," alisema. "Alinikumbatia, akasema karibu nyumbani kwa Bwana. Nikamwuliza, nani kasema? Akasema, Mama Pendo."

"Ulijua, na bado umevaa?"

"Nilivaa nione utanifikisha wapi."

Juliana aliachia geti.

"Kama tungefika hadi mlangoni pa kanisa hujasema," Naume alisema, "ningegeuka na nisingekusalimia tena mpaka tuhame." Alimshika Hadasa mkono wakarudi ndani. Kuku alibaki getini akipapatika, mpaka Mwamvita akatoka, akamfungua kamba bila kuuliza, akamrudisha bandani.

Juliana alikwenda peke yake. Mnada ulikuwa uwanjani, mkuu wa jimbo amekaa chini ya turubai. Jogoo alinunuliwa mapema. Sosthenes alimwinua juu, akatangaza anayezawadiwa, na ngoma ikalia. Kwaya ilicheza mpaka alipokaa Juliana, ikakuta kiti cha pembeni yake kiko wazi, nayo ikaendelea kucheza pale pale kwa kukosa pa kwenda.

Alisimama. Sauti yake ni ndogo, kwa hiyo ngoma ilibidi inyamaze.

"Jirani yangu hayupo. Nimemwambia asije. Hajaomba kupokewa, ni mimi niliyemwombea, na bado namwombea. Mnisamehe. Jogoo apewe mtu mwingine."

Alipewa mzee wa kanisa. Mnada uliendelea, lakini kwa upande alipokaa Juliana watu walinadi kwa sauti ya chini. Sosthenes alimfuata baadaye. Hakugomba. Alisema tu kwa Kiswahili, bila Kihehe, "Mama Pendo, umeniacha uwanjani." Kisha akaongeza kwamba chekechea imejaa, na kwamba Juliana mwenyewe amwambie jirani yake.

Alimwambia. Hadasa alipelekwa chekechea nyingine, mbali, na kila asubuhi Naume hupita mbele ya ile ya jirani akimshika mkono. Jumuiya ilichagua mwenyekiti mwingine. Juliana husali nao bado kila Alhamisi, hukaa karibu na mlango, na zamu ya maombi ikimfikia hutaja mvua, au wagonjwa, au barabara ya Zambia.

Mambo na Naume yalichukua muda zaidi. Jumamosi kadhaa alikaa ndani na mlango umefungwa, huku Juliana akimsikia Hadasa akipiga chafya kwa baridi upande wa pili wa ukuta, asiweze kugonga wala kuacha kusikiliza. Hatimaye walikutana bombani, maji yakitoka kidogo, kila mmoja akingoja ndoo yake.

"Bado unaniombea?" Naume aliuliza.

"Bado."

"Unaomba nini? Nibadilike?"

Juliana aliona njia mbili, na zote zilikuwa na ukuta mwishoni. "Ndiyo," alisema. "Sijui kukuombea kingine kilicho kizuri zaidi."

Naume aliitazama ndoo ikijaa. "Na mimi sibadiliki."

"Najua."

"Basi omba," Naume alisema, "lakini ukiwa na neno juu yangu, niambie mimi kwanza." Akamtwisha ndoo, akamshika kiwiko mpaka akawa sawa.