Tulipoulaumu Mtandao Bure

Nilipomaliza masomo nilirudi kwetu Dilala, na msimu mzima wa mvua nikawa nashinda kwa rafiki yangu tuliyesoma naye. Alikaa na mama yake katika nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi. Hapo mezani tuliandika programu ya simu: mtu wa mtaa wa Musonoi anaomba pikipiki, dereva aliye karibu anapewa safari.

Wateja wakiwa wachache, ilienda vizuri. Wakiongezeka, ilinyamaza, kisha ikaandika: "Muunganisho umefungwa." Tuliyaamini maneno hayo. Tukabadilisha laini, tukasogeza meza dirishani, tukabeba kompyuta hadi katikati ya mji kutafuta mtandao wenye nguvu. Kosa lilitufuata. Mama yake alileta bukari na sombe, yaani ugali na majani ya muhogo, akatubembeleza tule. Hatukumsikia mpaka alipoifunga kompyuta kwa mkono wake.

Tulipokuwa tunakula, rafiki yangu akapata wazo: kila kazi ndani ya programu iandike "naomba" kabla ya kungoja kitu, na "nimepata" ikishakipata. Tukaiwasha tena. Mistari ilishuka mbiombio, halafu ikagota kwenye "naomba" mbili zisizo na jibu. Kazi moja ilikuwa imezishika taarifa za mteja, inangoja za dereva. Nyingine imeshika za dereva, inangoja za mteja. Yale maneno ya muunganisho yalitoka sehemu ya tatu kabisa, iliyochoka kuzisubiri.

"Haiko réseau," rafiki yangu alisema polepole, akimaanisha mtandao. "Iko babili banangojana. Kila mumoja anashika kitu mwenzake anataka."

"Basi bote baanzie kwa muteja," nilimwambia. "Wa kwanza akimaliza, wa pili anaingia."

Tulirekebisha hivyo, na haikukwama tena. Mvua ilipokatika tuliita pikipiki ya kwenda Musonoi kwa programu yetu wenyewe, tukapanda sote wawili nyuma ya dereva. Akauliza tunashukia wapi Musonoi. Tukamwambia afike tu, kisha aturudishe. Matope mekundu yaliturukia sketi, na rafiki yangu akaimba njia nzima.

Baadaye aliolewa Kinshasa, na programu ile ikafa polepole, maana madereva walizoea kupigiwa simu moja kwa moja. Mimi sasa nafanya kazi ofisini. Makosa ya namna ile nayatambua haraka, peke yangu, bila kelele.

Juzi alinitumia ujumbe wa sauti. Kabla ya kunisalimu alikuwa anacheka na mtu jikoni. Nilirudia kuusikiliza mwanzo ule wa kicheko kabla ya kumjibu.