Vidole Begani mwa Balozi

Shemeji yangu tunamwita Ndimu, na mwenyewe anajua. Ni mpiga picha na fundi wa fremu, na mteja akichelewa kukaa sawa hufokewa hadi asahau alichojia. Marehemu dada yangu alimpenda hivyo hivyo. Alimpendea nini, sijui. Mimi naye hatujawahi kuelewana tangu siku ya posa, lakini kila Jumapili nampelekea chakula, naye kila Jumapili analalamikia chumvi.

Mtoto wao wa pekee hakurithi hata chembe ya uchungu huo. Alizijua lugha zote mbili, yetu na ya watu wa ng'ambo ya barabara. Miaka ile tulipokuwa tukivunjiana maduka, shule za pande zote zikamchagua kuwa balozi mdogo wa amani. Akawa anavuka barabara na sare yake, anawaamkia wakubwa ambao wenyewe kwa wenyewe hawasalimiani. Baba yake alinuna. Vioo vya studio yake vilivunjwa na watu wa ng'ambo, na hakuwasamehe, na sitawadanganya kwamba leo amewasamehe. Kisha homa ikamchukua mtoto, hata miaka kumi na moja hajatimiza.

Picha anayocheka ni moja tu. Zile za ubalozi zote amekakamaa, kavalishwa skafu ya watu. Kwenye hii yuko mlangoni mwa studio na rafiki yake wa ng'ambo, mkono wa rafiki uko begani kwake, kinywa wazi, pengo nje. Ndimu aliipiga mwenyewe, shingo upande. Watoto walinong'onezana kwa lugha ya ng'ambo, naye hakuambulia neno. Tangu tumzike, swali lake kwangu ni hilo hilo: "Alikuwa anacheka nini?" Mimi nitajuaje? Amuulize huyo rafiki! Lakini avuke barabara kwa miguu yake? Bora afe na kiu.

Mwaka huu kamati ya mtaa wetu ilikuja kuomba picha hiyo, itengenezwe bango la siku ya kumbukumbu ya amani.

"Ila huyo mwingine mtoe," mwenyekiti alisema. "Hii shughuli ni yetu."

Nikamuuliza: amani yenyewe ni ya nani na nani, kama tumebaki peke yetu? Akaniambia nisilete siasa.

"Namtoa sasa hivi," Ndimu alisema, tena kwa raha. Akamkata. Begani vikabaki vidole vinne.

"Na hivyo je?" mwenyekiti aliuliza. "Vifute. Kwenye kompyuta ni kazi ya dakika."

"Hakuna wa kuligusa bega la mwanangu!" Ndimu aliruka. "Chukueni hivyo hivyo au tokeni dukani kwangu!"

Wakachukua, wamevimba.

Siku ya shughuli, bango lilijaa ukuta mzima wa ukumbi, na watu hawakutazama kingine ila vile vidole. Mwenyekiti akiwa katikati ya hotuba yake ndefu, tukasikia vurugu mlangoni. Mlinzi alikuwa amemzuia mwanamke mmoja kijana.

"Niache niingie," mwanamke alisema. "Vile vidole ni vyangu."

Watu wakaguna. Mmoja akapaza sauti arudi kwao. Ndimu akasimama, nami nikamshika shati, maana mdomo wake naujua.

"Wewe!" alimwita. "Siku ile alikuwa anacheka nini?"

Yule mwanamke alilitazama bango, kisha akamtazama yeye.

"Alikuwa anakucheka wewe, baba. Aliniambia, 'Mwone baba yangu, anajifanya amekasirika.'"

Ndimu alikaa kwa kishindo. Halafu akanisukuma kwa kiwiko, akasogea, nafasi ikapatikana kwenye benchi.

"Njoo ukae," alisema. "Na usiniite baba."