Siku Walipozima Jiko la Mama

Mama yangu alipikia madereva wa malori kando ya barabara kuu pale Mikumi tangu nikiwa shule ya msingi. Wali, maharage na kuku wa kuchemsha. Mkaa ndio ulioninunulia sare, na sioni haya kusema hivyo.

Mwaka jana walikuja watu wa mradi wa nishati safi. Walimvisha fulana, wakampiga picha akiwa ameshika mtungi wa gesi, wakaondoka. Gesi ilipokwisha, bei ya kuujaza mtungi tena ilimshinda, akarudi kwenye mkaa.

Nilikuwa nimemtembelea siku waliyokuja wakaguzi wa mazingira. Kijana mmoja alisimama mbele ya sufuria.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu chakula.”

“Mkaa umepigwa marufuku. Tunalinda tabianchi.”

Hakungoja jibu. Alichukua ndoo ya maji ya kunawia wateja, akaimwaga kwenye jiko. Majivu yaliruka hadi kwenye wali. Mwenzake alibeba jiko lenyewe likiwa bado linafuka.

Niliwafuata hadi kwenye gari lao. Lilikuwa limewashwa muda wote huo, halina safari, ili kiyoyozi kisizimike.

“Mimi nafundisha jiografia,” nikamwambia yule kijana. “Najua mvua zimevurugika. Kilosa nimeona magodoro ya watu yakielea. Lakini huyu mama mmemwachia apikie nini?”

“Dada, sisi tunatekeleza tu.”

Akapandisha kioo.

Nilikwenda ofisini kwao kudai jiko. Wakaniambia nirudi kesho. Niliporudi, wakasema limeshauzwa kama chuma chakavu. Nilipaza sauti hadi mlinzi akaniletea kiti. Sikukikalia.

Sasa mama anafanya kibarua Ruhembe, katika miwa ya watu. Msimu wa mavuno mashamba huchomwa kabla ya kukatwa, na moshi wake hufunika anga hadi Kidodi. Ule una kibali, kwa sababu sukari ni uchumi. Wali wa mama haukuwa uchumi.

Juzi alinipigia simu, anakohoa.

“Umeendelea kuwagombeza wale?”

“Ndiyo, mama. Nimeandika malalamiko hadi wilayani.”

“Acha, mwanangu. Watakufukuza kazi.”

Nilimwambia nimesikia. Sikumwambia kwamba nitaacha.