Nilivyosema Nimekisoma Kitabu cha Mwalimu

Jambo hili nimekaa nalo tangu mwaka jana na sijawahi kulisimulia, kwa sababu kila nikianza uso unanipasha moto, na wale waliokuwepo ukumbini siku ile wananisitiri kwa kutonikumbusha (Mungu awape maisha marefu). Lakini nyinyi ni watu wangu. Mkitaka kunicheka nichekeni mapema, maana mbele huko hakuna cha kucheka.

Mnanijua mimi na vitabu. Pale mtaani kwetu Area D tuna kikundi chetu cha wasomaji, wanawake kumi na wawili, na mimi ndiye niliyejipa cheo cha kuwaambia wenzangu kitabu gani waagize kabla hakijatoka na kipi wasubiri. Hakuna aliyenichagua, jamani. Nilianza baada ya kuagiza riwaya moja kwa shangwe zote, ikanifikia baada ya miezi minane, kurasa za katikati zimefungwa kichwa chini miguu juu, nikasema mimi silizwi tena. Basi nikatunga masharti yangu: mwandishi niliyemsoma akanifurahisha, naagiza siku hiyo hiyo, mwandishi nisiyemjua, nasubiri wengine wasome kwanza waniambie, na mzee mstaafu anayeandika kumbukumbu zake, huyo sihangaiki naye kabisa, kwa sababu (nilikuwa nasema hivi huku nimebinua midomo) vitabu vya wastaafu haviishi dukani. Wenzangu wakanisikiliza, nami kichwa kikavimba.

Sasa akaandika kitabu Mwalimu Ndahani.

Huyu alikuwa mwalimu mkuu wa shule niliyosoma kule kijijini kwetu Haneti. Ndiye aliyenishika mkono nikaandika herufi ya kwanza, ndiye aliyenitafutia nafasi ya sekondari na kunipeleka mwenyewe hadi getini, sanduku langu kalibeba yeye, na ofisi ninayokalia leo hapa mjini nisingeijua kama si yeye. Akanipigia simu, mzee amepita miaka themanini, sauti inatetemeka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Nyemo mwanangu. Kitabu changu kinakaribia kutoka. Wanaoagiza sasa watakipata wiki mbili kabla ya uzinduzi. Agiza mapema. Nataka kikufikie wewe kabla ya watu."

Nikamjibu, "Sawa Mwalimu, naagiza leo leo." Nikakata simu na kuendelea kukaanga vitunguu. Nikajisemea, kila mwandishi ndivyo anavyosema, kila mmoja anataka umwagizie mapema, masharti ni masharti. Huo ndio uamuzi wenyewe. Nimeufanya nimeshika mwiko.

Wiki zikapita, akanipigia Murtaza, yule mwenye duka la vitabu katikati ya mji, ambaye babu yake ndiye aliyelifungua na yeye anaandika majina ya wanaoagiza katika daftari kubwa kama la sajili ya ubatizo. "Dada Nyemo, nakala za Mwalimu Ndahani zimeshafika za walioagiza, nimetafuta jina lako silioni. Umesahau?"

"Sijasahau, nitachukua siku ya uzinduzi."

"Zikiisha je?"

"Murtaza, nani atagombania kumbukumbu za mwalimu mstaafu?"

Akasema watu wa Haneti wameagiza wengi kuliko alivyotegemea. Hata hapo sikujiuliza kwa nini.

Kabla sijaendelea lazima mjue habari za baba yangu, Mzee Yoeli, ambazo nyumbani kwetu hatuzizungumzi. Baba alikuwa mlinzi wa shule ile ile. Mwaka mmoja wa njaa, mimi nikiwa darasa la sita, magunia ya mahindi ya chakula cha wanafunzi yalipotea stoo, na mlango haukuvunjwa, na mwenye kukaa pale mlangoni ni mlinzi. Hakufungwa, ila aliachishwa kazi na akabaki na jina. Mwizi wa chakula cha watoto! Alikufa nalo. Mama amebaki kule Haneti mpaka leo, na miaka mingi alichota maji huku wenzake wanaacha nafasi baina ya ndoo zao na ndoo yake. Kitu kimoja tu mama alikitamani duniani: jina la mumewe lisafishwe kabla yeye hajamfuata. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa nalo, na (niseme ukweli) mjini hapa sikumwambia mtu.

Basi siku nne kabla ya uzinduzi, Mwalimu akapiga tena.

"Nyemo, umekisoma?"

Jamani, hebu niambieni, ungemjibuje? Mtu aliyekufundisha kusoma, anakuuliza kama umesoma. Kwetu mdomo hauinuki ukasema hapana. "Nimekisoma, Mwalimu. Kizuri sana."

"Ile sura ya sita?"

"Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote."

Akauliza taratibu, "Haikukuumiza?"

Nikacheka. Mimi nilijua, yaani sikuwa na shaka hata chembe, kwamba anazungumzia siku nilipogonga kengele ya shule saa nne asubuhi na watoto wote wakakimbilia makwao, kwa sababu kila tukikutana lazima anitanie nayo. "Mwalimu, iniumize kitu gani? Yale yamepita. Nimefurahi umeandika."

Nikamsikia anapumua kwa nguvu. "Umenitua mzigo, mwanangu. Mungu akubariki. Jumamosi utasimama useme neno. Na mama yako awe mbele." Nikamwambia hamna shida, Mwalimu.

Jumamosi nikafika Haneti na wenzangu wa kikundi (nimewaalika mwenyewe, wakanione nikihutubia!). Ukumbi wa kanisa umejaa, watu wamesimama mpaka madirishani. Mama amekaa mstari wa kwanza, kavaa kitenge kipya, amejifunga kilemba, na pembeni yake jirani yake Mama Sechelela, yeye alikuwa ameagiza kitabu mapema na anacho mapajani. Mama akanishika mkono akaung'ang'ania.

"Umeisoma?" akaniuliza. Macho yake mekundu.

"Nimeisoma, mama."

"Mwenzio nimesomewa na Mama Sechelela, mara tatu. Na wewe leo utasema mbele ya watu?"

"Nitasema, mama." Nikadhani anajivunia binti yake kuandikwa kitabuni. Nakala za kuuza zilikuwa kwenye maboksi yaliyofungwa utepe, zinasubiri mgeni rasmi akate, hivyo hata kuchungulia sikuweza.

Mshereheshaji akaniita: "Binti wa Mzee Yoeli." Ukumbi wote ukanyamaza, kimya ambacho mimi nilikichukua kuwa heshima. Nikapanda, nikasalimu kwa lugha ya kwetu, "Mbukwenyi!", wakaitikia kwa sauti ya chini, nikaanza. Nikasema Mwalimu ana kipaji. Nikasema nimekisoma kitabu chote kwa siku mbili. Wenzangu wa kikundi wakapiga makofi, wao peke yao. Kisha nikasema maneno haya, nayakumbuka neno kwa neno na natamani nisingeyakumbuka: "Na sura ya sita sasa! Jamani, nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mambo ya zamani yale, tulikuwa tunacheza tu, wala hakuna aliyeumia."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akavaa kofia yake akatoka nje. Nikamtazama Mwalimu, ameshika fimbo kwa mikono yote miwili na midomo yake inacheza bila kutoa sauti. Nikamtazama mama. Mama alikuwa ananiangalia kama mtu asiyemjua, kisha akajifunika uso kwa upande wa kitenge kile kipya.

Mama Sechelela akainuka, akaja mpaka jukwaani mbele ya watu wote, akanipa kitabu chake kimefunguliwa. Akaninong'oneza, "Soma, mwanangu. Wewe hujasoma."

Nikasoma pale pale, nimesimama, kipaza sauti kiko wazi. Mwalimu Ndahani ameandika kwamba mahindi alichukua yeye. Ufunguo alikuwa nao yeye. Aliwapelekea ndugu zake waliokuwa wanakufa njaa, akitegemea kuyarudisha kabla hayajahesabiwa, na wakaguzi wakawahi kuja. Mzee Yoeli alimwona akiyatoa. Na Mzee Yoeli alinyamaza, kwa sababu alijua mwalimu mkuu akiondolewa, hakuna mwingine atakayemfikisha sekondari binti yake Nyemo. "Aliniambia neno moja tu," ameandika Mwalimu. "Alisema, mtoto asome."

Sikumaliza ukurasa. Nililia kwa sauti kwenye kipaza sauti kile, kilio kibaya cha mtu mzima, mpaka mshereheshaji akaja akakizima. Nikasema, "Sikuwa nimesoma. Nilidanganya. Mama, sikuwa nimesoma." Sijui nani alinishusha.

Mama hakunisemesha mpaka jioni. Tulipofika nyumbani akavua kitenge, akakikunja vizuri, ndipo akasema, "Miaka yote nimengoja siku watu watakapomsikia Yoeli akitajwa vizuri. Wewe ukapanda ukacheka." Nikapiga magoti. Akaniacha nipige magoti, na sikumlaumu.

Kesho yake nikaenda kwa Mwalimu. Nilimkuta nje, kiti kimoja, hakuna mtu, maana kijiji kilikuwa kimeanza kumkwepa yeye sasa. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba kwenye simu nilimwongopea. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Basi ule msamaha ulionipa haukuwa msamaha."

"Haukuwa, Mwalimu."

"Nilitaka usome kwanza, ukikataa niahirishe kila kitu, nije kwanza kwenu nipige magoti. Sikuthubutu kukutamkia kwa mdomo. Nikaona bora usome." Akafuta macho. "Sasa umesoma. Unasemaje?"

Nilikuwa na majibu mazuri ya adabu, tele, yale yale niliyozoea kuyatoa. Nikayaona yote yamejipanga mdomoni. Nikamwambia, "Bado sijui, Mwalimu." Akatikisa kichwa kukubali, kama nilipokuwa darasani nikimwambia hesabu imenishinda.

Masharti yangu nimeyafuta, na kikundi nimewaambia watafute mshauri mwingine. Siku hizi mzee akiniambia ameandika, naagiza kabla simu haijakatika, na kama sijasoma nasema sijasoma, hata akiniuliza nani. Mama tumeshazungumza, yeye ameshamsamehe Mwalimu, alimpelekea hata unga. Mimi Mwalimu hunipigia simu kila Jumapili baada ya ibada, tunasalimiana, tunaulizana afya, halafu ananyamaza kunipa nafasi. Sijamjibu. Siku nitakayomjibu, jibu litakuwa la kweli, na namwomba Mungu amwache hai alisikie.