Nimepewa Ng'ombe Ili Nitoe Figo

"Figo ni mbili, moja Mungu aliiweka ya akiba." Hivyo ndivyo anavyonihubiria baba yangu mdogo tangu mdogo wangu aanze kusafishwa damu kwa mashine. Uongo! Hakuna kilichowekwa mwilini mwangu kumsubiri mtu mwingine. Zote mbili zinafanya kazi.

Admin, nifiche. Mimi ni mama wa miaka arobaini na minane, mjane, naishi Gihundwe, nauza vitenge Kamembe. Nasoma sana na sijawahi kuogopa mabishano, lakini safari hii nimezibwa mdomo.

Vipimo vya kwanza vilionyesha damu yangu inalingana na ya mdogo wangu. Daktari kule Kigali akanieleza bila kuficha: nitapewa dawa ya usingizi, watapitisha kamera kwenye vitundu vya tumbo, figo itolewe kwa mpasuko chini ya kitovu. Nitasikia maumivu, sitabeba kizito kwa wiki kadhaa, na presha yangu itapimwa maisha yote. Akasema bado kuna vipimo vingine na mahojiano ya peke yangu, kuhakikisha sijalazimishwa wala kununuliwa, na kwamba naweza kukataa hata siku yenyewe ya upasuaji.

Familia haikungoja. Wakaja na ng'ombe kutoka Nyakarenzo. Kwetu, ukipokea ng'ombe mbele ya watu mmefungana; kumrudisha ni tusi. Nilidhani ni pole kwa ujane wangu, nikashukuru, wakapiga makofi. Ndipo baba mdogo akapaza sauti: "Basi, figo tumeipata!"

Juzi nikapimwa presha, iko juu. Nilipomwambia baba mdogo hakushtuka. Akatoa mfukoni vidonge vya kushusha presha.

"Kunywa hivi mbele bakupime. Na muganga akiuliza, ile ng'ombe usiitaje."

"Mzee, na kama nikifia mezani?"

"Maman, vitabu ndiyo vinakutia woga. Na batoto bako bamekomaa."

Wamekomaa! Yaani hesabu ya kifo changu imeshapigwa.

Mdogo wangu hajui habari ya ng'ombe wala ya presha. Ananipigia simu akicheka: "Dada, figo yangu inaendeleaje huko?" Nikisema ukweli kwenye mahojiano, huenda namzika. Nikinyamaza, huenda ananizika yeye.

Mahojiano ni Alhamisi. Wenye maneno ya "tumwachie Mungu" kaeni pembeni. Nawataka ninyi mliotoa figo kwa ndugu zenu, na hasa ninyi mliokataliwa na madaktari: mlipobaki na daktari peke yenu mlisema nini, na nyumbani mlipokelewaje? Nijibuni, na msinidanganye.